Mwalimu Aliyetufundisha Kusimama

Mwalimu wetu wa Kiingereza hakufundisha Kiingereza siku ya Jumatatu. Jumatatu ilikuwa siku ya chai. Tuliingia mmoja mmoja katika chumba cha nyuma ya duka la fundi cherehani pale Gihundwe, nje kidogo ya mji wa Kamembe, tukakuta meza imetandikwa shuka, na juu ya shuka vikombe vitatu visivyofanana, kijiko kimoja cha kung'aa, na birika la aluminiamu lililobonyea ubavuni. Chai yenyewe haikuwemo. Alisema anayejifunza kumimina hujifunza vizuri zaidi kwa maji, maana maji hayana harufu ya kumpotezea akili. Basi tulimimina maji, tukayarudisha kwenye birika, tukamimina tena.

"Kinywaji kwa kuume, chakula kwa kushoto," alikuwa akisema, akizunguka nyuma yetu na mikono mgongoni. "Na mugeni hapashwe kuona mukono yako. Aone tu kikombe imejaa."

"Sasa Mwalimu, atafikiri imejijaza yenyewe?" Faustin akauliza. Faustin alikuwa mkubwa kuliko sisi wote, mrefu, mvivu wa daftari, mwenye mdomo wa sokoni.

"Njo vile. Imejijaza yenyewe. Siku atafikiri vile, ujue umefika."

Tulicheka. Yeye hakucheka, wala hakukasirika. Sikuwahi kumwona akikasirika. Alikuwa kama mtu aliyeweka hasira yake mahali, akasahau ni wapi.

Mimi nilizipenda Jumatatu zile. Niseme ukweli, nilikuwa msichana wa kupenda kila kitu. Nilikuwa nimeacha shule mwaka wa pili wa sekondari, kule Bukavu tulikokuwa wakimbizi tangu enzi za wazazi wetu, kisha mambo yakaharibika na sisi tukavuka mto kurudi nchi ambayo sikuwa nimeiona. Nikakuta Kifaransa changu kidogo hakitafutwi tena kama zamani. Serikali mpya ilikuwa imekuja na Kiingereza kutoka Uganda, na mashirika ya bazungu yalikuwa yamejaa Kamembe. Siku moja uwanjani nilimwona mkalimani. Mzungu anasema, ananyamaza. Mkalimani anasema, watu wanacheka. Nikamwambia mama yangu usiku ule ule kwamba nimeshajua nitakuwa nani. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Akasema, "Aya, sawa." Miaka ile kila jambo lilijibiwa hivyo, la furaha na la msiba: aya, sawa.

Njia ya kufikia ukalimani ilipita kwa Mwalimu, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyefundisha bila kuuliza cheti.

Kuhusu alikozaliwa na wazazi wake, sijui. Mtu hakuulizwa maswali kama hayo wakati ule. Jibu lingeweza kuwa refu. Tulijua mambo mawili tu. La kwanza, ujanani alikwenda Uganda kwa miguu kutafuta kazi, akaajiriwa nyumbani kwa Mwingereza mwenye shamba la majani ya chai. La pili, yeye hakuwa mrejeaji kama sisi wa Bukavu. Alikuwa amesharudi zamani, akajenga kijijini Nzahaha, akaoa huko. Watu walipomtaja walisema, "Ule alikuwaka hapa," wakaacha hapo. Alikuwa hapa wakati ule wa mauaji. Hakuna aliyehitaji kuongeza neno.

Alivaa koti moja la kahawia, zito, lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko vyote viwili. Alilifunga vifungo vyote hata jua likiwa kali. Fundi cherehani, Maman mwenye roho nzuri aliyetupangisha chumba, alimhurumia. Siku moja akamnunulia koti jingine kwenye caguwa, lile soko letu la nguo kuukuu, la bluu, karibu jipya. Mwalimu akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, na wiki iliyofuata akaja na lile la viraka.

"Papa, ile koti haikukutosha?" Maman akauliza.

"Imenitosha vizuri sana, Maman."

"Sasa?"

"Ni mpya mno. Kule Uingereza muntu mukubwa ya kweli anavaa koti ya baba yake, mpaka itoboke. Mwenye nguo mpya ni ule ambaye feza zimeingia jana."

Maman akamtazama kutoka viatuni mpaka kofiani. "Papa, na huku je? Huku mwenye kutoboka banamuita nani?"

Mwalimu akatazama nje, akasema huenda jua likapungua mchana.

Hilo la hali ya hewa lilikuwa jibu lake kwa mambo yote mazito. Alitufundisha kwamba Mwingereza wa malezi hamwambii mtu anachotaka, wala kinachomuuma, wala hamwulizi mwenzake anafanya kazi gani. Humwambia habari za mawingu, na mwenzake akiwa na malezi naye huelewa. Alitufundisha pia kwamba ukikanyagwa mguu, wewe uliyekanyagwa ndiye unayeomba msamaha kwanza. Faustin alibisha nusu saa nzima. Kumbe Mwalimu mwenyewe lilikuwa limeshamponza. Kwenye kizuizi kimoja cha barabarani askari kijana alimkanyaga kwa buti, Mwalimu akainamisha kichwa akasema, "Unisamehe sana." Askari akashtuka. Mtu anayeomba msamaha bila kosa, si ana kosa analolificha? Wakamketisha kando ya barabara tangu asubuhi mpaka jua linazama, wakimwuliza alichofanya.

"Na weye ulibajibu nini, Mwalimu?"

"Nilisema siku ilikuwa nzuri."

Alikuwa na kipaji kimoja nilichokiona kama uchawi. Alikaa kwenye ngazi ya duka la fundi, na bazungu walipopita au kuingia kushonesha, aliwasikiliza maneno mawili matatu tu, kisha akatuambia kila mmoja ametoka tumbo gani. Huyu baba yake ana duka. Huyu alipelekwa shule ya kulala akiwa na miaka saba, tazameni anavyosimama, kama anayengoja fimbo. Huyu amezaliwa chini, anajipandisha, masikini, akichoka ulimi unamshuka. Kulikuwa na maneno ya kutambulia. Alisema kile kitambaa cha kujipangusia mdomo mezani, watu wa juu kabisa wanakiita kwa jina la kawaida, na watu wa chini wanakiita kwa jina hilo hilo. Ni wale wa katikati, wanaohangaika, wanaokiita serviette, kwa Kifaransa, ili waonekane.

"Lakini Mwalimu, sisi bote hapa tunasemaka serviette," nikasema. "Mpaka mukulima."

"Njo maana muko hapa," akajibu.

Siku hiyo ndipo dada mmoja wa nyuma alipouliza swali ambalo sote tulikuwa nalo. "Sasa bazungu bote si ni beupe? Banajua ginsi gani huyu ni wa juu, huyu ni wa chini?"

"Kwa mudomo," Mwalimu akasema. "Akifungua tu mudomo, bamesha kujua baba yake, shule yake, na mulango gani anaingiliaka. Huku kwetu balipimaka pua. Kule banapima mudomo."

Cherehani ya Maman, upande wa pili wa ukuta, ikasimama.

"Na banauaka muntu juu ya mudomo?" Faustin akauliza. Hakuwa akitania.

Mwalimu akafikiri. "Hapana," akasema. "Banamupa chai jikoni."

Akachukua chaki, tukaendelea na vitenzi.

Yote hayo aliyajua kwa sababu familia ya yule Mwingereza wa Uganda ilimpeleka kwao Uingereza. Mama mzee wa bwana alikuwa mgonjwa, wakarudi kumwuguza, wakamchukua Mwalimu pamoja na masanduku. Alikaa baridi mbili na kiangazi kimoja katika nyumba yenye ngazi mbili, moja pana ya wenyewe na moja nyembamba, ya giza, ya watumishi. Kati ya pande mbili palikuwa na mlango uliogongomewa kitambaa kizito cha kijani, ili kelele za sufuria zisivuke. Na ng'ambo ya mlango ule, kwa watumishi wenyewe, tulidhani angesema walikuwa sawa. Wapi! Walikuwa na cheo juu ya cheo. Mkuu wao aliketi kichwani mwa meza, mpishi kuumeni kwake, wengine wakashuka kwa daraja mpaka msichana wa kusugua masufuria, na hakuna aliyethubutu kushika uma kabla ya mkuu.

"Nilianza wa mwisho, chini ya ule musichana," Mwalimu alisema. "Nilipotoka, nilikuwa wa ine kutoka juu."

Alisema "wa ine", yaani wa nne, kama mtu mwingine anavyosema amepata diploma. Hakuna aliyempiga katika nyumba ile, alituambia. Hakuna pia aliyemwuliza kama ana mama. Siku bibi mzee alipokata roho, bwana alitoka chumbani, akasimama dirishani, akasema mvua itakatika kabla ya saa sita, akaomba mayai mawili ya kuchemsha. Mwalimu aliyabeba mwenyewe mpaka mezani. Alitusimulia kisa hicho mara nyingi, na kila mara kwa heshima kubwa, kama mhubiri anayesimulia muujiza.

"Amarira y'umugabo atemba ajya mu nda," alimalizia kwa Kinyarwanda. Machozi ya mwanaume hutiririka kuelekea tumboni. "Bazungu hawana ile maneno. Lakini banaijua kushinda sisi."

Nilimwamini kabisa siku vita vya pili vilipoanza ng'ambo ya mto. Ilikuwa asubuhi, somo la Alhamisi, mbingu safi. Milio ikatoka upande wa Bukavu, kwanza mmoja mmoja, kisha kama mtu anayemwaga mawe kwenye bati. Kioo cha dirisha kikatetemeka. Karibu sote tulikuwa na watu kule, shangazi, rafiki wa shule, kaburi. Dada wa nyuma alisimama, akakaa, akasimama tena. Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni. Hakugeuka.

"Naona huenda mvua ikanyesha mchana," akasema kwa Kiingereza. "Rudieni."

Tukarudia. Watu kumi na mmoja tulisema kwa Kiingereza kwamba huenda mvua ikanyesha mchana. Akasema tena, tukarudia tena. Sijui tulirudia mara ngapi. Nilichoona ni kwamba ukisema neno moja mara nyingi, kifua kinakuwa kama mguu uliokaliwa: upo, lakini hauusikii. Tulipotoka nje, watu walikuwa wamepanda kilimani kutazama moshi. Mimi nikaenda nyumbani kupika. Mama akauliza kama kule kumeanza. Nikasema kumeanza. Akasema, "Aya, sawa."

Lakini asidhaniwe kuwa alikuwa mtu wa mbao. Jumamosi moja nilitumwa kumpelekea ufunguo chumbani kwake, nikamkuta ameketi chini mkekani, miguu ameinyosha, anakula bugali kwa sambaza, vile visamaki vya ziwani, anakandamiza matonge makubwa na kulamba vidole mpaka kwenye kifundo. Kando yake palikuwa na kikombe cha plastiki cha chai iliyochemshwa pamoja na maziwa na sukari ya kutosha kijiji. Yeye aliyetuambia kwamba kuchemsha maziwa na majani pamoja ni kumtukana mwenye shamba! Nikasimama mlangoni na macho yangu yote.

"Ingia, mutoto. Kula."

"Mwalimu, na ile ya kutochemsha maziwa na majani?"

"Hapa niko kwangu," akasema. Akanisogezea sahani. Sambaza zilikuwa tamu sana. Hilo pia nalikumbuka.

Sasa nifike kwenye biro, yaani ofisi, ya Madam. Lilikuwa shirika dogo la Waingereza lililotafuta watoto waliopotea: walioachwa njiani, waliobebwa na majirani, waliovushwa mto wakaishia kambini na msituni. Mkuu wake alikuwa mwanamke mfupi, mwenye madoadoa usoni na vicheko vya ghafla, tuliyemwita Madam ingawa yeye alitaka kuitwa kwa jina lake. Alihitaji mkalimani. Tangazo lilibandikwa ukutani mwa soko, nami nikalinakili kwenye mkono wangu kwa kalamu, maana sikuwa na karatasi.

Mwalimu aliponiona mkono akausoma mpaka mwisho. Kisha akaniandaa siku tisa. Alinisahihisha ulimi mpaka usingizini nikawa nasema kama bibi wa shamba la chai. Na siku ya mwisho akanipa maagizo.

"Usiingilie mbele. Zunguka, piga hodi nyuma. Atakuambia uketi. Ni adabu yake tu, anapashwa kusema vile. Ukiketi, umepotea. Simama karibu na ukuta, mikono nyuma. Akiuliza, jibu fupi. Chai ikiletwa, usingoje mutu akutume."

"Na kama akinilazimisha kuketi?"

"Atakupima mara mbili. Mara ya tatu hatakupima tena." Akalirekebisha kola langu. "Mutoto, we ndiye wa kwanza wangu. Ukipata, hata hawa wengine batapata."

Nikafanya yote. Nilizunguka nyuma, nikapitia jikoni. Madam akashangaa nimetokea wapi. Akaniambia niketi, nikasema asante Madam, nikabaki nimesimama. Akaniambia tena. Akacheka, akakuna shingo, akaniuliza kuhusu shule yangu, nikajibu fupi. Mpishi wake mzee akaleta chai, naye mikono ilikuwa inamtetemeka, basi nikalipokea birika, nikamimina kwa kuume bila tone kuanguka, nikarudi ukutani. Madam alikitazama kikombe, kisha akanitazama mimi. Macho yalimng'aa. Akasema kwa Kiingereza kwamba hajawahi kuona jambo kama hili.

Niliajiriwa siku ile ile. Nilikimbia kutoka Kamembe mpaka Gihundwe nikiwa nimevua viatu.

"Nimepata, Mwalimu!"

"Ya ukalimani?"

"Amesema nianzie nyumbani kwake, kumsaidia mpishi mzee. Ya biro tutaona."

Nilitegemea uso wake ushuke. Haukushuka. "Nyumbani?" akasema polepole. "Ndani ya nyumba ama inje?"

"Ndani."

"Ndani," akarudia. Akanishika mkono, na ndiyo mara pekee niliyomwona akimshika mtu mkono. "Mutoto, umeanzia fasi mie nilimalizia."

Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba nilitaka ukalimani, si jiko. Nikasema asante.

Aliyemwambia habari za ukalimani ni Faustin. Ilikuwa Jumatatu, nimeomba ruhusa nikaja darasani na aproni yangu kwenye mfuko. Faustin aliingia amevaa miwani ya jua, akaketi bila kungoja zamu.

"Eh, salamuni mukalimani!" akasema.

"Nani mukalimani?" Mwalimu akauliza.

"Mie! Kwa ule Madam wa batoto. Nimeanza tangu juzi." Akanyosha miguu chini ya meza. "Nilipitia mbele, bwana. Akasema keti, nikaketi. Nikamuuliza, na weye Madam umetoka fasi gani, baba yako anafanya nini? Akaniambia baba yake alikuwa na duka la nyama! Tukacheka, tukacheka! Kiingereza yangu ilivunjika vunjika yote, hakujali. Akasema anapenda muntu asiyemuogopa."

Darasa likacheka. Kisha mmoja baada ya mwingine wakanigeukia mimi, na kicheko kikafa chenyewe. Walikuwa wanajua nani kati yetu wawili anajua Kiingereza.

Mwalimu alikuwa ameshika birika. Akaliweka chini. "Duka la nyama," akasema. "Nilijua. Nilisikia siku ya kwanza."

Alikuwa amemjua Madam vizuri kuliko Faustin. Alijua ni mtoto wa mchinjaji, kwamba hajazoea kutumikiwa, kwamba anasema anachomaanisha. Lakini hakuwa amejua la kufanya na ujuzi huo, kwa sababu maisha yake yote alikuwa amewasikiliza Waingereza akiwa amesimama. Alikuwa ametupa kila alichokuwa nacho, na kila alichokuwa nacho kilikuwa cha upande wa watumishi wa mlango ule wa kijani.

Haya nayaona leo. Siku ile niliona tu mzee anakunja shuka. Aliikunja nne, kisha nane, akaipapasa. Akasema huenda tukapata ukungu kesho. Hakuna aliyerudia.

Jumatatu iliyofuata hatukumkuta. Maman fundi akasema Papa amerudi kwake Nzahaha, kulima, amemwachia birika.

Nilikaa kwa Madam mwaka na zaidi. Sikuteswa. Nilijifunza keki. Mara nne au tano nilimwomba anijaribu kwenye kazi ya biro, kwa Kiingereza changu kizuri, kwa adabu zangu zote, yaani kwa kumweleza kwamba mbingu za Kamembe ni pana. Hakuelewa, mtoto wa mchinjaji. Alikubali kwamba ni pana.

Kisha Faustin akapata shirika kubwa zaidi, akaondoka ghafla kama alivyoingia. Wiki ile Madam alikuwa na safari ya Nzahaha, kuandikisha watu waliopotelewa na watoto. Akaamua kwenda hivyo hivyo, na Kifaransa chake cha vidole. Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya chakula.

Meza iliwekwa kwenye ukumbi wa kanisa. Watu walikuwa wamejaa tangu alfajiri. Madam aliketi, mbele yake fomu. Mimi nikasimama nyuma yake na termosi. Mtu wa kwanza akaja, Madam akapaza sauti kwa Kifaransa, yule akatazama chini. Wa pili hivyo hivyo. Madam aliandika jina, akafuta. Shingo yake ilikuwa nyekundu. Mimi nilijua kila neno la pande zote mbili, nami nilikuwa nimesimama na termosi, nikingoja niambiwe. Ndivyo nilivyofundishwa.

Wa tatu alikuwa Mwalimu.

Alikuwa amekonda. Koti la viraka lilikuwa limemlegea mabegani, lakini limefungwa vifungo vyote. Akavua kofia. Madam akamwambia kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayezungumza na kiziwi: jina lako nani? Nikatabasamu. Nikangoja kusikia ule ulimi wa nyumba kubwa utoke, Madam aruke kwenye kiti.

Mwalimu hakumtazama Madam. Alinitazama mimi, juu ya bega lake.

"Mutoto," akasema kwa Kiswahili chetu cha huku, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "ambia Madam mie sijue Kiingereza."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa alichokuwa ananipa.

"Anasema hajui Kiingereza, Madam," nikasema kwa Kiingereza.

Madam akageuka. Nikaweka termosi chini.

Mwalimu akaanza kusema, na mimi nikaanza kumfuata. Alisema jina lake. Alisema kijiji. Alisema anatafuta mjukuu wa kike, aliyekuwa na miaka miwili wakati ule, sasa ana saba kama yupo. Jirani mmoja mwanamke alimfunga mgongoni kama wake, akavuka naye mto pamoja na waliokimbia. Sikuwa nimewahi kusikia kwamba ana mjukuu. Alikuwa ameishi mwendo mfupi kwa miguu kutoka biro ile ile, akapita mbele ya tangazo lile lile kila siku, na hakuwahi kuingia.

Madam akauliza kuhusu wazazi wa mtoto. Nikauliza.

"Mama yake alikuwa binti yangu. Balimukata kwa panga, mulangoni pa nyumba, mie niko ndani ya shamba ya mahindi ninaona. Na bakaka yake babili. Na mama yao. Sikutoka."

Nilifungua mdomo. Kiingereza alichonipa kilikuja chenyewe, laini, kilichopigwa pasi. Nikamwambia Madam kwamba, kwa bahati mbaya, mzee huyu aliondokewa na familia yake.

Madam akainamisha kichwa, akashika kalamu.

"Hapana," Mwalimu akasema.

Kalamu ikasimama.

"Mutoto, mie sikusema vile. Nimesema balibakata. Nimesema niliona. Nimesema sikutoka." Sauti yake haikupanda. Macho yalikuwa makavu. "Sema yote vile nimesema."

"Anasema nini?" Madam akaniuliza.

Nikamwambia anasema sikutafsiri vizuri. Kisha nikatafsiri. Neno kwa neno, panga, mlango, mahindi, watatu, na mama yao, na kwamba hakutoka. Kiingereza changu kilivunjika vunjika yote. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama alivyokuwa akifanya tukisoma kwa sauti, na nilipomaliza akakubali kwa kichwa, mara moja.

Madam alifuta alichoandika, akaandika upya. Ilichukua muda. Mwalimu akavaa kofia, akapisha.

Aliyefuata alikuwa mwanamke kijana mwenye kanga ya manjano. Hakumtazama Madam kabisa. Alikuja moja kwa moja upande wangu wa meza, akanishika mkono, akaanza kusema.